Shetani na Macho Mekundu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Somo letu wiki hii ni Luka 16:19-31, habari ya tajiri na Lazaro. Kila linaposomwa hapa Tabora, mazungumzo hukimbilia motoni: moto ukoje, shetani anafananaje, walioko huko wanateswa vipi. Picha tunazo tayari vichwani. Waambie watoto wa mafundisho wachore shetani, karibu wote watakuletea jitu jekundu lenye pembe, mkia na uma mkononi, kama wanavyoliona kwenye filamu. Naomba tukae na jambo hili kwa utulivu, kwa sababu picha hiyo imeshagharimu maisha ya watu.

Kwanza turudi kwenye Injili yenyewe. Katika habari ile shetani hatajwi hata mara moja. Moto upo, ila umetajwa kwa maneno machache tu. Tajiri hakumpiga Lazaro, hakumfukuza mlangoni, hatuambiwi kwamba aliiba cha mtu. Alivaa vizuri, akala vizuri, basi. Lakini sikilizeni anavyomwomba Ibrahimu akiwa katika mateso: "umtume Lazaro". Kumbe jina alilijua! Siku zote alizokuwa akimpita pale mlangoni, mbwa wakimlamba vidonda, alijua fika huyu ni nani. Na hata akiwa kuzimu bado anamwona kuwa mtu wa kutumwa maji. Mimi huwa naogopa hapo kuliko ninavyoogopa moto.

Zile kwato na uma havimo katika Maandiko. Ufunuo 12 una joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi, lakini yale ni maono. Wachoraji wa Ulaya ndio waliomvika shetani miguu ya mbuzi, kama ya Pan, mungu wa wachungaji wa Wagiriki wa kale. Lingekuwa jambo dogo kama lingeishia ukutani. Tatizo ni kwamba mtu akishazoea kuamini kwamba shetani anatambulika kwa sura, ataanza kumtafuta kwenye nyuso za watu.

Huku kwetu magharibi na kule Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi uliotosha ulikuwa macho mekundu. Sasa tazameni macho hayo yanavyopatikana. Bibi ameinama kwenye mafiga, ndani ya jiko lisilo na dirisha la maana. Kuni ni mbichi, kwa sababu miguu haimfikishi tena porini kwenye kuni kavu za miombo. Anapuliza. Moshi unampiga usoni, anafumba macho, anajifuta kwa ncha ya khanga, anapuliza tena. Hivyo asubuhi na jioni, tangu alipokuwa msichana. Ongeza misimu ya kukesha kwenye bani la tumbaku akichochea moto majani yakauke. Macho hayo yamelisha familia nzima. Kisha mtoto wa jirani anaugua, mtu wa ramli chonganishi anapita, na wajukuu walewale waliolelewa na ugali wa jiko lile wanaanza kunong'ona.

Ulaya nayo ilipita humo. Karne ya 15 mpaka ya 18, wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Na inauma kusema: waliokuwa wakiandika vitabu vya kuwatambua wachawi walikuwemo watu wa Kanisa. Lakini alikuwepo pia Friedrich Spee, padre Mjesuiti wa Ujerumani, aliyewaungamisha waliohukumiwa kuchomwa. Mwaka 1631 kitabu chake kilitoka bila jina la mwandishi, akieleza kwamba mateso ndiyo yaliyokuwa yakizalisha wachawi: mtu yeyote akiumizwa vya kutosha atakiri lolote na kutaja yeyote. Alifariki mwaka 1635 akiwahudumia askari wagonjwa wa tauni mjini Trier. Ningependa watoto wetu wa kipaimara walijue jina lake.

Na wale waliomwandika shetani kwa kina kweli, walimwona vipi? Dante Alighieri, mshairi Mwitaliano aliyefariki mwaka 1321, alieleza safari ya kushuka jehanamu yenye duara tisa. Moto umo huko juu. Lakini ukifika chini kabisa, hakuna moto. Kuna ziwa la barafu, na ndani yake wamegandishwa wasaliti: waliosaliti ndugu zao, nchi yao, wageni waliowakaribisha, na waliowatendea wema. Katikati yupo Shetani, amenaswa kwenye barafu hadi kifuani. Ana nyuso tatu na mabawa sita kama ya popo, na upepo wa mabawa hayo ndio unaoligandisha ziwa lote. Anapiga mabawa na kujigandisha mwenyewe. Analia kwa macho yake yote sita na hasemi neno hata moja.

Dante alijua alichokuwa akiandika. Alikuwa amefukuzwa mji wake wa Florence mwaka 1302, akafia ugenini. Kwake dhambi ya chini kabisa ni moyo uliopoa kwa mtu aliyekuamini. Tuwapime kwa kipimo hicho wale wanaomuuza bibi yao kwa mpiga ramli ili warithi kiwanja.

Mwingereza John Milton, kipofu aliyetunga kwa kuwatamkia wengine waandike, alitoa utenzi wake mwaka 1667. Shetani wake ni jemadari mwenye ulimi mtamu anayeona heri kutawala jehanamu kuliko kutumika mbinguni. Wasomaji wengi wamevutiwa naye, nami naona ni hatari kuishia kwenye hotuba zile za mwanzo. Mfuateni mpaka bustanini: jemadari yule anachuchumaa kama chura sikioni mwa Hawa aliyelala, akimnong'oneza. Kiburi kimemshusha hadi hapo.

Kunong'ona ndiyo kazi yake hata leo. Ufunuo 12:10 unamwita mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mchana na usiku. Basi kikao cha ukoo kinapokaa usiku kumshitaki mama mzee asiyekuwepo kujitetea, tusihangaike kuuliza shetani yuko nyumba ipi. Yupo palepale kikaoni, na hahitaji pembe.

Jehanamu ipo, Bwana mwenyewe ameisema, nami siipunguzi. Ila tukumbuke kwamba Kanisa limewatangaza watakatifu wengi kwa majina, na halijawahi kutangaza kwa jina mtu yeyote kuwa yuko motoni. Dante aliwaweka humo hata mapapa, ni mshairi. Sisi hatukupewa kalamu hiyo.

Jumamosi tukikutana tutasoma tena Luka 16. Kila mmoja aje na jina la mzee mmoja anayeishi peke yake jirani yake, jina lake halisi, siyo "yule bibi wa kule mwisho". Wenye baiskeli waje nazo. Vijana wamekusanya kuni kavu, na kuna nyumba mbili zinazohitaji kutobolewa dirisha la jikoni. Mwenye nyundo na tindo asiviache nyumbani.