Nani Atamleta Mwakani?

Tangu Alhamisi maneno machache ya daktari wa mifugo yamekuwa yakinirudia kila ninapolala, nami naona nisipoyaandika hayataniacha.

Yule mbwa niliyemkuta amejikunja chini ya meza ya muuza viazi katika soko la Soweto hapa Mbeya, kamba ya nailoni ikiwa imemzama shingoni, nilimbeba kwa nia moja tu: atolewe kamba, achanjwe, kisha atafutiwe mtu mwenye ua mkubwa. Sikukusudia kufuga. Nyumba yetu ya Iyunga ni ndogo, na Mama anawaogopa mbwa tangu utoto wake Rungwe, alipoona jirani akifa kwa kichaa cha mbwa. Anajua vyema kwamba dalili zikishajitokeza, tiba huwa imechelewa.

Daktari, mzee mwenye sauti ya upole, alisafisha kidonda, akachoma sindano, akafungua kadi ya chanjo.

“Jina la mwenye mbwa?”

“Hana mwenyewe, daktari. Nimemwokota tu.”

Akainua kalamu, akanitazama.

“Mwanangu, sijakuuliza alikotoka. Nimekuuliza nani atamleta mwakani.”

Hakunikemea, na laiti angenikemea ningekwisha kusahau. Chanjo ile hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo kumchanja mbwa mara moja na kumwachia njia ni kuifanya kazi nusu. Hilo nililijua. Nisilolijua ni jinsi nilivyokuwa mwepesi wa kusema “hana mwenyewe” huku nimemkumbatia, damu yake ikiwa kwenye koti langu. Nilikuwa nimemlaani aliyemfunga, nikimdhania kuwa mkatili wa kupindukia, kumbe daktari alinieleza kwamba kamba za namna ile mara nyingi hufungwa mbwa angali mdogo, zikiwa zimelegea kabisa, kisha shingo inakua na hakuna anayekumbuka kuitazama. Nilikaa kimya mpaka mtu wa nyuma yangu, aliyekuja na mbuzi, akakohoa. Ndipo nikataja jina langu.

Wiki hiyohiyo posa ya mchumba wangu Tumaini ilipokelewa na barua yangu ya kuthibitishwa kazini ikafika, lakini kila nilipopongezwa niliisikia ile sauti ya upole ikiuliza habari za mwakani.

Mama aliapa kwamba hatamgusa. Jana asubuhi baridi ilikaza, ukungu ukaufunika mlima Loleza wote, nami nilipoingia jikoni nikakuta amepasua gunia la viazi na kulitandika karibu na jiko la mkaa, na mbwa amelala juu yake, pembeni kuna bakuli la ugali uliolowekwa kwa mchuzi wa dagaa. Hakulisemea lolote. Aliniuliza tu kama ile kadi nimeiweka mahali pakavu, na nilipomwonyesha, aliusoma mwezi wa chanjo ijayo kwa sauti, mara mbili. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo asubuhi.

Usiku huu mbwa amehamia mlangoni pangu. Kila lori linapofunga breki barabara kuu anainua masikio, nami nainua kichwa pamoja naye, maana Kaka alivuka mpaka wa Tunduma na lori la mzigo tangu Jumanne na mpaka sasa hajapiga simu.