Kufunga kifundo cha mguu kwa ukanda wa mpira: nilichopima kwa wiki 8

Kifundo cha mguu wangu wa kulia kiliteguka mara tatu katika muda wa miaka miwili, na kila mara ilikuwa kwa namna ileile: wayo uligeukia ndani, uzito wa mwili ukaangukia ukingo wa nje, na ligamenti (nyuzi ngumu zinazounganisha mifupa) za upande huo zikavutika kupita kiasi. Baada ya mara ya tatu uvimbe uliisha na maumivu yakatulia, lakini mguu haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Nilishuka ngazi kwa hofu, nilipochuchumaa kisigino kiliinuka chenyewe, na nilipovaa suruali nikiwa nimesimama ilinibidi niegemee ukuta.

Mtaalamu wa fiziotherapia alijiridhisha kwanza kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Kisha aliniuliza kama nimewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, kama nina kisukari au kidonda kwenye mguu, na kama mpira huniletea mzio, kwa sababu jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo lingemfanya aache njia aliyokusudia. Ndipo akanionyesha ukanda wa mpira wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa mita 2 hivi, akaufunga kuanzia katikati ya wayo kwenda juu hadi kupita kifundo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, huku akiuvuta mpaka urefu wake uongezeke kwa karibu nusu. Kwa dakika 2 nilikunja na kunyoosha kifundo, nikachuchumaa mara kadhaa, kisha akaufungua na kuniambia nitembeetembee ili damu irudi vizuri.

Wepesi niliousikia baada ya hapo ulinishangaza, na kwa sababu ulinishangaza niliamua kuupima badala ya kuuamini tu. Nilichagua vipimo vitatu visivyohitaji kifaa chochote cha pekee. Cha kwanza kilikuwa kuweka wayo mbele ya ukuta na kusogeza goti hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka, kisha kupima umbali kati ya dole gumba na ukuta. Cha pili, kuhesabu ni mara ngapi naweza kuinua kisigino nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Na cha tatu, kusimama kwa mguu huohuo nikiwa nimefumba macho na kuhesabu sekunde. Mguu wa kushoto, ambao haujawahi kuteguka, ulinipa kiwango cha kulinganisha: sentimita 11, mara 25, sekunde 28. Wa kulia ulikuwa na sentimita 6, mara 13, sekunde 7.

Nilifanya mazoezi siku nne kwa wiki, mbili nikifunga ukanda kabla ya kuanza na mbili bila kuufunga, na vipimo nikivichukua mara tu kabla ya mazoezi. Ulinganisho huo ndio ulionifundisha zaidi. Siku za ukanda, umbali wa goti uliongezeka kwa sentimita 1 hadi 1.5 papo hapo, ingawa asubuhi iliyofuata sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa imetoweka. Idadi ya kuinua kisigino haikubadilika kwa sababu ya ukanda hata mara moja. Kusimama nikiwa nimefumba macho kulikuwa kwa kuyumbayumba: siku nyingine nilipata sekunde 3 zaidi, siku nyingine nilipungukiwa. Tafiti zilizochapishwa kuhusu njia hii nazo hazikubaliani juu ya nguvu na usawa, ilhali kuhusu kukunjika kwa kifundo nyingi huona nafuu ndogo ya muda mfupi, kwa hiyo daftari langu halikuwa jambo la ajabu.

Katika wiki ya tatu nilikosea. Nilidhani kukaza zaidi kungeleta nafuu zaidi, nikauvuta ukanda karibu hadi mwisho wake, na kabla ya dakika moja kupita vidole vilikuwa vimepata ganzi na ubaridi. Niliufungua mara moja. Tangu siku hiyo, kila ninapomaliza kufunga, nabonyeza ukucha wa dole gumba na kuuachia; rangi isiporudi ndani ya sekunde 2 au 3, nalegeza na kuanza upya, na nikisikia ganzi au mchomo wa sindano sisubiri dakika zitimie.

Nguvu na uthabiti vilikuja, lakini vilikuja polepole, vikifuata kuinua kisigino, kusukuma wayo kuelekea nje dhidi ya mpira wa mazoezi unaovutika, na kusimama kwa mguu mmoja, kwanza sakafuni na baadaye juu ya mto. Mwishoni mwa wiki ya 8 mguu wa kulia ulifikia sentimita 9.5, mara 22 na sekunde 21, hata siku ambazo sikufunga ukanda. Naamini ukanda ulisaidia kwa njia yake, kwani nilipoweza kuchuchumaa bila kifundo kukwama nilifanya zoezi lenyewe kwa ukamilifu na bila woga. Siku hizi naufunga tu asubuhi ambazo kifundo kimeamka kikiwa kigumu, kwa dakika 2, na naanza mazoezi mara tu ninapoufungua, kabla wepesi ule haujapotea.