Mdoli aliyevaa karatasi za mama

Jana usiku nimemaliza kumpamba mdoli wangu wa kishonaji, mdogo wa sentimita 30, asiye na kichwa wala mikono.

Juu nimembandika karatasi za kaki ambazo mama alikuwa akichorea paterni (michoro ya kukatia nguo) enzi anashona Mwanjelwa, Mbeya. Penseli yake bado inasomeka: "kiuno 28", "bega". Nilizichana kwa mkono vipande vidogo, si kwa mkasi, maana ukingo uliochanika hulala vizuri penye mviringo wa kifua. Kipande kikubwa hujikunja tu. Gundi nyeupe ya mbao nikaizimua kwa maji kidogo.

Haraka ndiyo iliyoniponza. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Nilibandika tabaka la tatu huku la pili likiwa bado bichi, asubuhi nikakuta malengelenge mgongoni, palepale penye mwandiko wa mama. Niliumia kweli. Nikayapasua taratibu kwa wembe, nikapaka gundi ndani, nikamsogeza mdoli jirani na jiko la mkaa (si karibu sana), nikasubiri siku mbili.

Sketi ni majani makavu ya mgomba kutoka Tukuyu, na lesi chakavu juu yake. Kiunoni nimeweka vifungo kutoka kopo la mama, ambalo hadi leo linanukia mafuta ya cherehani.

Leo asubuhi nilimweka dirishani, jua likampiga, kaki ikawa rangi ya asali. Mama akamshika, akasoma namba zake mwenyewe, akakaa kimya. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa kiuno 28 alikuwa nani vile?"