Jina kwa Kevo, tarehe kwangu

Tangu Jumanne sijalala vizuri, na sababu yenyewe ni ya kuchekesha kwa mtu wa umri wangu. Mzee wa karakana yetu ya mawe ya makaburi alikuwa amekalia debe lake la rangi, ananoa tindo. Hata macho hakuinua. "Jina atachonga Kevo. Mama Kendi, wewe shika tarehe." Basi. Akaendelea kunoa.

Wiki hiyohiyo mahari ya mdogo wangu imepokelewa, upepo umeng'oa mabati ya karakana, Kariobangi tumekaa gizani kutwa nzima. Yote hayo yamepita. Mimi nimebaki na Mzee na tindo lake.

Mnaotusoma tangu zamani mnajua jina ni nini kwenye jiwe la kaburi. Ndilo linalokaa juu, kwa herufi kubwa, na ndilo familia inalopiga picha siku ya kuliweka. Tarehe iko chini, ndogo, mahali pa nyasi kuotea. Na Kevo, jamani! Kevo ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kulaza tindo ili isiteleze.

Nimeirudia ile kauli ndani ya matatu, nikiosha vyombo, hata kanisani. Pengine alimtaja Kevo kwanza kwa kuwa ndiye aliyesimama karibu. Pengine macho yake yalikuwa kwenye makali, si kwetu. Lakini siku nyingine huniita "fundi", na Jumanne nilikuwa Mama Kendi. Hapo ndipo panaponichoma.

Kevo akaja na kikombe.

"Mathe, usininunie."

"Nani amenuna?"

"Basi kunywa chai."

Nikainywa. Haikuwa na sukari.

Lile jina lilikuwa na W na A zinazofuatana. Ukizipima nafasi kwa rula, pengo linabaki kubwa katikati, jina linaonekana limekatika. Kevo akaisogeza A ikaingia chini ya W, kama nilivyomfundisha. Ilitoka nzuri. Nasema hivyo kwa moyo mweupe, au karibu mweupe.

Kisha nikaanza tarehe. Mwaka wa kuzaliwa ni 1938. Jiwe ni marumaru ya Kajiado, punje zake zinametameta kama sukari, na ukigonga kwa pupa zinabanduka. Unazamisha tindo katikati ya mstari kwanza, halafu unazifuata kingo polepole, upande huu na ule, mpaka zikutane chini kabisa. Taa tunaiweka ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele unaficha kina. Hiyo 3 na hiyo 8 lazima zipite mstari kidogo juu na chini, la sivyo zitaonekana fupi kando ya 1. Tena duara la juu la 8 liwe dogo kuliko la chini. Ukiyachonga yakawa sawa, jicho linaona la juu limevimba. Ugumu hasa uko kiunoni, pale mistari inapopishana: jiwe linabaki na ncha nyembamba, na ikiruka hakuna gundi ya kuirudisha.

Mahali fulani katika ile 8 nilisahau kununa. Sijui ni saa ngapi. Sauti ya tindo ilikuwa imetulia, vumbi linashuka kwenye mwanga, Kevo anapiga mluzi bila barakoa (tumesema mpaka tumechoka), na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Majirani wa nyuma wana mashine ya kupuliza mchanga. Wanabandika mpira uliokatwa kwa kompyuta juu ya graniti, na muda si muda namba zote zimetoka. Graniti ngumu hivyo hata mimi nisingeitaka kwa mkono. Ila nane zao ni pete mbili zilizopandana tu, na nikipita pale siku hizi siwezi kuacha kuzitazama.

Mzee alipita jioni, akainama, akamulika tochi kutoka pembeni. Akapuliza vumbi. Akaenda zake.

Alhamisi nikamkuta Kevo ameinamia kipande cha jiwe la Ndarugo, lile la mazoezi, amechora nane safu nzima. Zote zimevimba juu.

"Nani amekutuma?"

"Mzee. Amesema nikikwama nikuulize."

Nikachukua penseli, nikamchorea moja. Sasa hata sijui nilikuwa nimekasirikia nini. Au najua, kwa sababu jiwe linalofuata likija, nataka jina, na nimekwisha kupanga nitakavyolidai.

Halafu mwenye nyumba ametuma ujumbe usiku huu. Unaanza na "Wapendwa wapangaji" na unasema mkutano ni Jumapili saa nane, kila mtu afike. Tangu nihamie hapa hajawahi kutuita wapendwa. Kodi hii tuliyo nayo tayari inanitoa jasho.