Jinsi nilivyokomesha kuoza kwa mbao za dirisha lililo juu ya paa la baraza

Dirisha la chumba cha juu katika nyumba yetu hapa Moshi liko karibu mno na bati la baraza, na kwa masika mawili mfululizo mbao za paina zinazozunguka fremu yake zilioza upande wa chini, kiasi kwamba kidole kilizama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Nilizipaka rangi mara mbili, bila mafanikio. Siku moja nilichungulia mvua ikinyesha, nikaona matone yakigonga bati na kurukia ncha za mbao, mahali ambapo nyuzi za mti zimekatwa na hunyonya maji kama utambi.

Nilidhani dawa ni kununua mvule, ambao hauozi upesi, ingawa bei yake inauma. Fundi alikubali, kisha akaniambia: “Lakini mzee, hata mvule ukikalia maji utaoza.” Kwa hiyo tulikata mbao mpya ziishie milimita 25 juu ya bati, tukapaka ncha zake rangi ya msingi kabla ya kuzifunga, kisha tukakunja kipande cha bati juu ya ubao wa juu, ukingo wake wa nyuma ukiingia chini ya plasta ili maji yasipite nyuma.

Baada ya masika yaliyofuata nilichokoa ncha zote kwa bisibisi, nazo zilikuwa ngumu. Rangi tu ndiyo imepauka kidogo upande unaopigwa na jua la jioni.