Siku Moja Katwe: Kuifundisha Kompyuta Kuwahi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko kwenye bodaboda, natoka Bweyogerere kwenda Katwe, hapa Kampala. Nikisema natengeneza kompyuta, watu hunipa simu zilizopasuka kioo. Kazi yangu ni nyingine. Naziandaa kompyuta za Linux, mfumo endeshi huria, zinazoongoza mashine za kukata mbao na chuma, ili kila amri ifike kwa wakati wake. Kuchelewa ninakokupima hapa ni kwa mikrosekunde, yaani sehemu ya milioni ya sekunde.

Saa mbili kasoro nafika kwenye karakana ya milango. Mashine yao ya kuchonga inaongozwa na LinuxCNC, programu huria yenye asili yake NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Kompyuta hutuma mipigo ya umeme kupitia poti ya paraleli, lile tundu la zamani la printa, na kila mpigo husogeza mota hatua moja. Kwa mpango huo programu huamka kila baada ya mikrosekunde 25 hivi. Ikichelewa kuamka, mota hupoteza hatua, na kuanzia hapo mchoro wote umehama. Nimeonyeshwa mlango wa mvule ambao ua lake limekatwa upande. Mvule ni ghali, na fundi aliyeuandaa ubao ule alikuwa amesimama pale akiutazama bila kusema kitu.

Saa mbili na nusu bosi anaingia. "Kijana, kompyuta ni mpya, prosesa ni kubwa, tatizo liko wapi?" Namwambia, "Mzee, ukubwa wa prosesa hausaidii hapa." Hili ndilo watu hawalielewi, na nimelieleza karibu kila karakana niliyoingia. Mpiga ngoma anaweza kuwa na mikono myepesi kuliko wote, lakini akikosa pigo moja wachezaji wanagongana. Kompyuta ya ofisini inasifiwa kwa wastani wake. Hii ya kuongoza mashine inahukumiwa kwa siku yake mbaya kuliko zote.

Kuweka kerneli ya wakati halisi, yaani moyo wa Linux uliorekebishwa ili uitikie kwa wakati, ni kazi fupi siku hizi. Marekebisho hayo, PREEMPT_RT, yaliishi karibu miaka ishirini kama viraka vya pembeni, hadi yalipoingia kwenye kerneli yenyewe katika Linux 6.12, Novemba 2024. Naiweka kerneli hiyo, nawasha cyclictest, programu ya kupima kuchelewa kuamka, kisha naitesa kompyuta makusudi: nanakili mafaili makubwa, nafungua video, nasogeza madirisha. Kupima mashine iliyopumzika ni kujidanganya. Namba ya juu, yaani kuchelewa kukubwa kuliko kote, inapanda hadi mikrosekunde 180. Kwa mipigo inayotengenezwa na programu, chini ya 20 ni nzuri sana, 30 hadi 50 bado inafaa, na ikifika 100 hiyo kompyuta haifai.

Naingia BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoamka kabla ya Linux, nazima usingizi mzito wa prosesa, kwa sababu kuamka kutoka usingizini nako kunakula muda. Nazima hyperthreading, inayofanya kiini kimoja cha prosesa kijifanye viwili. Nafunga kasi ya prosesa ibaki juu, natenga kiini kimoja kwa isolcpus, mpangilio wa Linux wa kukiweka kando, na kuyahamishia makatizo ya kadi ya mtandao, yaani miito yake ya kuikatiza prosesa, kwenye viini vingine. Namba inashuka hadi 16, inatulia. Halafu, baada ya muda, inaruka 95. Inatulia tena. Inaruka.

Hapo ndipo siku inaponishika. Bosi anarudi kila mara. "Bado? Naona umekaa tu." Nimekaa, ndiyo, kwa sababu kilele kinachotokea mara moja kwa muda mrefu hakikamatwi kwa kuharakisha. Mteja wake amepiga simu. Jirani anachomelea geti, cheche na kelele. Saa sita umeme unakatika na jaribio lote linapotea, na jenereta inapowashwa naanza upya. Bosi anasema atamwita kijana mwingine, ambaye hufanya kwa nusu saa. Namjibu kwa upole, "Mzee, huyo ataondoka kabla kilele hakijaonekana, na mvule mwingine utaharibika." Sijala. Shati limeloa jasho.

Nawasha hwlatdetect, programu ya kusaka ucheleweshaji unaotoka kwenye vifaa. Hii hukamata prosesa, huzuia makatizo yote ya kawaida, kisha hutazama kama saa imeruka. Ikiruka, kosa haliko kwenye Linux. Kuna kitu chini yake kimeiba muda. Imeruka. Hizi ni SMI, makatizo ya BIOS yenyewe, ambayo mfumo hauwezi kuyazuia wala kuyaona. Turbostat, programu ya kufuatilia prosesa, inanionyesha hesabu yake ikipanda kila kilele kinapotokea. Wako wanaozima SMI zote kwa mkupuo. Mimi sifanyi hivyo, kwa kuwa kwenye bodi nyingine ndizo zinazolinda prosesa isiungue. Natafuta moja moja. Naondoa uigaji wa kibodi za zamani kwa ajili ya USB, nawasha tena, napima. Hesabu inasimama.

Sijui ilikuwa saa ngapi fundi aliponiletea chai na chapati, lakini kivuli kilikuwa kimeshafika mlangoni. Namba ya juu ilikuwa 18, huku video ikicheza na mafaili yakinakiliwa. Tukaweka ubao wa mninga wa majaribio. Ua likatoka limenyooka, na fundi akalipitisha dole gumba ukingoni mara mbili.

Bosi akauliza kama karani anaweza kuitumia kompyuta hiyo kuchapa risiti. Nikamwambia hapana, nikachomoa Wi-Fi mbele yake. Tukakubaliana atanilipa nusu leo na nusu kesho. Nimeacha kipimo kikiendelea usiku kucha na kumwomba askari asiguse swichi. Saa moja asubuhi napita kusoma namba ya juu kabla hawajaweka mvule.