Nilivyozihamisha kompyuta za steshenari yangu kutoka Windows 10

Steshenari yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nina kompyuta tatu za mezani, zote mtumba, Core i3 na i5 za kizazi cha nne. Kwenye mashine hizo watu wanachapiwa barua na mitihani, wanaomba mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, wanajaza maombi ya kazi Ajira Portal. Kwa hiyo niliposikia kwamba Microsoft wataacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, sikulichukulia kama jambo la mafundi. Nywila za wateja zinaandikwa kwenye kibodi zangu.

Nilitaka Windows 11. Mashine zangu hazikubaliki: kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0, yaani kichipu cha kutunza funguo za siri za kompyuta. Fundi akaniambia, "Mama, nitakuwekea Windows 11 hivyo hivyo, kuna njia ya kuruka huo ukaguzi." Njia ipo kweli. Lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Kulikuwa pia na nyongeza ya mwaka mmoja ya ulinzi wa Windows 10, hadi Oktoba 2026. Nikaona huko ni kuahirisha tu.

Nikachagua Linux Mint 22, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Mashine zangu mbili zina RAM ya GB 4 tu. Ni bure, na masasisho yake yanaendelea hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3, nikalishusha usiku kwa bando la usiku na kulipandisha kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus.

Jambo ambalo ningemsihi mwenye duka yeyote: usisakinishe siku hiyo hiyo. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nilifanya hivyo jioni tatu mfululizo, nikijaribu kila kitu kinachoniingizia hela. Printa ya wino ilitambulika papo hapo. Ile ya leza ilikataa mpaka niliposhusha draiva yake kwenye tovuti ya watengenezaji. Skana ilikubali. Kazi za mtandaoni hazikuwa na shida, maana zote zinafanyika ndani ya Firefox. Baada ya hapo nikanakili kazi zote kwenye diski ya nje, nikafungua mafaili kadhaa kutoka huko huko kuhakikisha yanasomeka, ndipo nikaanza.

Mashine ya kwanza ilichukua kama nusu saa. Ya pili umeme ulikatika katikati, na uliporudi kompyuta haikuwaka kabisa, mfumo wa zamani umefutwa na mpya haujakamilika. Moyo ulinidunda, lakini kazi zilikuwa kwenye diski ya nje. Nikachomeka flashi, nikaanza upya. Wiki ile ile nikanunua UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika.

Shida ya kweli ilikuja na wateja. Mwalimu wa shule ya msingi alileta jaribio la darasa la pili, kurasa mbili. Kwangu likafunguka kurasa tatu, picha ya kikapu cha machungwa imeachana na swali lake. Akaniangalia. "Dada, wiki iliyopita si ulinichapia vizuri?" Nilibofya kwenye maandishi, nikaona jina la fonti, yaani aina ya herufi, limeinama: Comic Sans MS. LibreOffice, programu ya kuandikia ninayotumia kwenye Mint, inapolaza jina hivyo, ujue fonti hiyo haimo kwenye mashine, imewekewa nyingine. Nikasakinisha kifurushi kinachoitwa ttf-mscorefonts-installer, chenye Comic Sans, Arial, Times New Roman na nyinginezo, nikafungua faili upya. Kurasa mbili, kikapu mahali pake. Calibri haimo humo, lakini ipo Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni ule ule, kwa hiyo mistari haihami. Tangu siku ile sichapi kazi ya mtu kabla ya kuhesabu naye kurasa kwenye skrini.

Na kuna faida ambayo sikuitegemea. Flashi zinazozunguka mjini zina vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati tupu. Binti mmoja wa chuo alikuja na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, sauti imemkauka, kila alikoichomeka flashi hakuna kitu. Kwenye Mint ile alama ya kuficha haikufanya kazi: folda zilionekana zote, na kile kirusi kikaonekana kilivyo, kijifaili cha .vbs, programu ndogo ya Windows isiyoweza kujiendesha pale. Nilikifuta pamoja na shotikati zake. Ripoti ilikuwa nzima. Alikaa kwenye benchi muda mrefu kabla ya kuondoka.

Masasisho nayafanya Jumapili jioni, duka limefungwa. Kuna siku usasishaji ulikatishwa njiani nikiwa nimekwisha zima UPS kimakosa. Amri iliyoniokoa, inayoandikwa kwenye Terminal ili kumalizia usakinishaji uliokatika, ni sudo dpkg --configure -a, nimeiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kabla ya kusasisha napiga nakala ya mfumo kwa programu ya Timeshift, ili nikiharibu niweze kuurudisha. Kijana wangu wa dukani ilibidi nimweleze mara mbili: Timeshift inatunza mfumo, haitunzi kazi za wateja. Hizo zinaendelea kwenda kwenye diski ya nje kila jioni.

Mashine ya tatu bado ina Windows 10, kwa sababu programu ninayotumia kuchora kadi za harusi na mihuri haifanyi kazi kwenye Mint. Nimeichomoa waya wa intaneti. Flashi yoyote inayokwenda kwake inapita kwanza kwenye Mint, tunaikagua, ndipo inavuka meza.